Mlango wa Stoo

Asubuhi hiyo randa ya umeme haikuwepo kwenye karakana ya fundi seremala. Kufuli la nje lilikuwa zima, na ufunguo anao fundi peke yake. Dirisha la nondo ndilo lililokutwa wazi. Na humo ndani, kwenye stoo, alilala kaka yake, aliyetoka jela juzijuzi. Basi, kesi imekwisha! Mtu akishaonja jela, hata kuku wa jirani akipotea ni yeye. Fundi alieleza kwamba kaka katoka stoo usiku, akawapitishia wenzake randa dirishani. Mpelelezi, mama mwenye haraka zake, keshatoa pingu kabla hajauliza swali.

"Umeiba wewe?"

"Ndiyo, afande."

Kaka mtu alisimama wima, mikono nyuma, macho chini. Mpelelezi akauliza kama kaiuza. Ndiyo, afande. Kama kaitupa chooni. Ndiyo, afande. Kama kainywea chai. Ndiyo, afande. Hapo mama akashtuka, akarudisha pingu, akamwambia akavae shati waende kituoni akahojiwe vizuri.

Akaingia stoo, mlango ukajirudisha nyuma yake. Wakangoja hadi wakachoka. Mpelelezi akausukuma kwa kidole; haukuwa na kufuli wala komeo. Kaka mtu alikuwa papo hapo, shati mwilini, anautazama.

"Mbona hutoki?"

"Sijafunguliwa, afande."

Mpelelezi aliona haya, haya ya kweli. Akamgeukia fundi.

"Asubuhi nani humfungulia?"

"Mimi. Kila siku ni mimi."

"Na jana usiku, nani alimfungulia akaiba?"

Hapo fundi akakiri.

Randa ilikuwa nyumbani kwake, uvunguni mwa kitanda. Dirisha alilifungua mwenyewe. Alisema wateja wakimwona kaka wanageuza njia, na mwanawe shuleni anaitwa mtoto wa jela.

"Kumfukuza ndugu yangu niliona aibu," alisema, kajifunika uso. "Nikataka serikali inifukuzie."

Mpelelezi akamwambia kudanganya polisi nako ni kosa, na atangulie kituoni. Ndipo kaka mtu akasogea, akamweka mdogo wake nyuma ya mgongo wake, na kwa mara ya kwanza akainua macho.

"Afande, andika ni mimi. Huyu kule hatapaweza. Mimi nimeshazoea."