Mkojo wa Saa Ishirini na Nne

Linah Nekoye alikufa Jumanne asubuhi katika wadi ya figo mjini Eldoret, miguu imevimba, siku kumi na moja hajakojoa hata tone. Inspekta Perez Okeyo alimfunika uso, akamwombea kimoyomoyo, kisha akamgeukia Daktari Wanjohi.

"Huyu ameuawa na ugonjwa. Mimi umeniitia nini?"

"Kaka yake, Wesonga, alijitolea kumpa figo. Mwezi jana tulimkataa kwa sababu mkojo wake ulijaa protini. Jana nimempima tena. Hakuna."

"Na hiyo protini ina shida gani?"

"Figo ni chujio, Madam. Damu inapita, figo inachuja maji na uchafu. Maji mengi yanarudi kwa damu, uchafu unatoka kama mkojo. Protini ni kubwa, haipiti. Ikipita kwa wingi vile, chujio limetoboka. Na chujio halijishoni."

Sampuli ya kwanza ilikuwa bado imegandishwa maabara, Perez akaipeleka ikapimwe upya. Majibu ya Mkemia wa Serikali yalipofika, Linah alikuwa ameshazikwa. Ndani ya ule mkojo kulikuwa na ute wa yai.

Perez akaenda mtaa wa Langas, nyumbani kwa Wesonga. Wesonga, mpakiaji wa magunia ya mahindi, alikuwa ameketi mlangoni. Mkewe, Nelima, alikuwa akikata sukuma wiki, kuku wakimzunguka.

"Mkojo uliukusanyia wapi?"

"Kwa kidumu, Afande. Saa ishirini na nne. Kilikaa chini ya meza."

"Nani alikuwa hapa?"

"Mimi na mama watoto tu."

Kisu kikanyamaza.

"Nelima, uliweka mayai mangapi?"

"Mawili." Nelima akaweka kisu chini. "Nesi alisema akipatikana na protini hatatoa figo. Na kliniki ya wajawazito walitufunza mayai ni protini."

"Nelima!" Wesonga akaruka.

"Usinipigie kelele, Baba Joy! Wakufungue tumbo, halafu magunia abebe nani? Linah alikuwa na nyinyi wote. Mimi niko na wewe peke yako."

"Mtu huishi na figo moja, mama," Perez akasema. "Akipona, anarudi kazini."

"Hakuna mtu aliniambia."

"Hukuuliza."

"Ningeuliza nani?"

 Perez akatoa pingu.

"Afande," Wesonga akasema polepole, "kwa hivyo figo zangu..."

"Nzima. Zote mbili."

Wesonga akajishika kiuno kwa nyuma, mikono yote miwili, akaketi vumbini.