Pampu ya Shemeji

Jua lilikuwa linazama shemeji yake Fundi alipoingiza gari gereji kinyumenyume, akashuka na kitu alichokiviringisha kwenye mtandio.

"Pampu mpya ya mafuta," alisema. "Ile ya zamani nikikanyaga sana inazidiwa, injini inakosa mafuta. Leo kuna mashindano, shemeji. Nifungie hii upesi."

Shemeji huyo watu walimwita Gia. Yeye na Fundi walikuwa chanda na pete hata kabla Gia hajamwoa dada yake Fundi. Fundi ndiye aliyemsemea kwa baba. Ndiye aliyeapa kwamba dada yake amepata mtu.

Fundi alinyanyua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko cha tangi. Pampu ile haikuwa na chapa wala namba. Ilikuwa na joto, kama mkono wa mtu. Na mtandio ulioiviringisha aliufahamu. Ulikuwa wa dada yake.

"Yaani nyumbani kwako matambara yamekwisha?" alitania.

Gia hakucheka.

Fundi akaitumbukiza tangini, akabana mipira ya mafuta, akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, maana pampu kubwa inakula umeme. Harufu ya petroli ilimpanda puani... na harufu nyingine chini yake. Mafuta ya nywele.

Dada akaingia na chupa ya chai.

"Kaka, huyu mwenzangu leo kaondoka bila hata kuniaga," alisema, akiketi kwenye benchi. "Nimekuja kumshitaki kwako."

Gia hakumtazama. Akageuza ufunguo.

Pampu zote huvuma. Hii haikuvuma.

Du-du... du-du... du-du...

Injini ikawaka. Geji ya presha ikapanda, ikatulia mahali ambapo Fundi hakuwahi kuiona ikitulia. Gia akakanyaga. Gari likanguruma hadi mabati yakatetemeka.

Chupa ikaanguka.

Dada alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Gia akaachia mguu, naye akavuta pumzi. Akakanyaga tena, naye akajikunja.

"Zima!" Fundi alipiga kelele. "Huoni mkeo?"

Gia alikuwa anaona. Alikuwa anamtazama kwenye kioo, wala hakushtuka.

"Atazoea," alisema taratibu.

Fundi akarukia boneti, akachomoa fyuzi ya pampu. Injini ikakohoa, ikafa.

Kimya.

Dada naye alikuwa kimya. Mdomo wazi. Kifua hakipandi.

"Rudisha," Gia alinong'ona. "Ukichelewa harudi."

Fyuzi ikamdondoka Fundi, akaipapasa sakafuni, akaipachika. Ufunguo ukageuzwa. Du-du... Dada akakohoa, akaanza kulia kama mtoto.

"Umemfanya nini dada yangu?"

"Aliyenipa pampu alitaka jina la anayenipenda kuliko wote." Gia alikuwa bado ameshika usukani. "Na alisema mimi nisiifunge. Ifungwe na ndugu yake wa damu. Nikishinda, ataniambia namna ya kuitoa."

"Nani? Yuko wapi?"

"Huwa ananitafuta yeye."

Fundi angeweza kumvuta kwa shati, akamtoa, akampasua kichwa kwa spana. Lakini mguu wa Gia ulikuwa juu ya pedali, na injini ilikuwa inaunguruma. Akasogea pembeni.

Akampisha.

Taa nyekundu zikaishia kwenye kona. Fundi akaketi sakafuni, akampakata dada. Huko barabara kuu gari lilisikika likibadilisha gia, na kila mngurumo ulipopanda, kifua cha dada kilipanda nao, mbiombio, hadi gari likawa mbali mno kwa sikio la Fundi.

"Ulijua, kaka?" dada alinong'ona.

"Wallahi sikujua."

"Lakini ni wewe uliyeifunga."

Fundi akamvuta karibu. Akaweka kiganja kwenye kifua cha dada, akafumba macho, akaanza kumwombea shemeji yake safari njema.