Madigadi ya Kulia

Jambo hili niliambiwa na Lorna, jirani yangu hapa Ohio, tukiwalisha watoto. Gari lililomgonga na kumuua kaka yake, Dale, polisi hawakulipata kamwe.

Siku moja Lorna alikwenda kwenye banda la Gordy, muuza magari yaliyotumika, kukagua Pontiac ya mwaka 1968 ambayo mumewe alitaka kuinunua.

"Bodi ni ya kiwandani, dada. Haijagonga hata sungura," Gordy alijigamba, kisha akamwona Lorna akitoa sumaku mfukoni. "Sumaku ya nini? Unaipima homa?"

Banda lilikuwa na giza. Sumaku ilinasa kila mahali, ila kwenye madigadi ya kulia, pale juu ya gurudumu la mbele, ikaanguka. Chini ya rangi palikuwa na puti ya kuzibia palipobonyea, si bati. Lorna akapagonga kwa kidole. Kutoka ndani akajibiwa kwa hodi: mbili za haraka, moja ya polepole. Hivyo ndivyo Dale alivyokuwa akibisha mlangoni kwake.

"Panya hao," Gordy alisema, lakini alirudi nyuma.

Asubuhi yake Lorna alirudi akitabasamu. "Nimeipenda. Hebu izungushe kidogo, Gordy, niione inavyokwenda."

Gordy akaliendesha hadi kwenye shamba la mahindi, mngurumo wa injini ukazimika. Gordy akaanza kulia afunguliwe. Lorna alisogea akachungulia, kisha akaenda zake nyumbani. Vioo vyote vilikuwa vimeshushwa, na hakuna kilichoonekana kikimzuia Gordy kutoka.