Mashine Iliyoomba Jina

*Ukungu ukishashuka, mlango haufunguki,*
*Na jina likishafika kwa mfu, halirudiki.*

Harufu ndiyo iliyotangulia. Marsela, fundi wa kompyuta kutoka Karatu mjini, alipofungua kasha la kompyuta ya mapokezi hakunusa vumbi wala waya ulioungua. Alinusa udongo mbichi, kama wa kaburi lililofukiwa asubuhi ile.

Hoteli ilikuwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ukungu wa mchana ulikuwa umeimeza barabara, magari yakazuiwa getini. Ndani walikuwa watatu: yeye, kaka yake Vedasto, meneja wa hoteli, na Metui, mlinzi.

"Inajizima tangu mhasibu afariki kwenye kiti hicho," alisema Vedasto. "Wageni wanakuja kesho, mdogo wangu. Ikishindikana, kibarua changu kimeota nyasi."

"Mhasibu nani?"

"Kwetu marehemu haitwi jina, fundi," Metui alidakia. "Akiitwa, anaitika, na aliyemwita humfuata."

Marsela akafuta kila kilichokuwemo, akaweka mfumo mpya. Mashine ikaomba jina la mtumiaji.

"Weka la Metui," Vedasto alitania. "Ndiye asiyelala."

"Langu hapana, bosi. Mmemvunjia nyumba marehemu aliyekuwemo, sasa mnamwonyesha pengine pa kuhamia?"

"Basi weka langu. Mimi siogopi bati."

Marsela akaliandika. Mashine ikawaka vizuri. Kisha kioo kikageuka buluu, ikazimika, na Vedasto akaporomoka sakafuni kama kanga iliyoponyoka kambani.

Ilipojiwasha, naye akainuka. "Nimeteleza," alinong'ona, lakini hapakuwa na maji.

Marsela akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaisugua kwa kifutio, akairudisha. Ikazima, kaka akaanguka. Akabadilisha kifaa cha umeme. Ikazima, kaka akaanguka, na safari hii alipoinuka alimtazama dada yake kama mgeni aliyepotea njia.

"Kaka, ni mimi!"

"Wewe nani?"

Akamvuta mkono hadi mlangoni, lakini nje hapakuwa na ngazi wala bustani wala njia, bali ukungu mweupe ulioegemea kizingiti kama ukuta, wenye harufu ileile ya udongo, na nyuma yao feni ya mashine ikaanza kuvuma, ikavuma hata mvumo ukawa pumzi, na pumzi ikawa sauti ya Vedasto ikiita kutoka ndani ya kasha, ilhali Vedasto mwenyewe, kinywa wazi, hakuwa tena na sauti. Marsela akaanza Salamu Maria, ikamponyoka katikati.

"Nichomoe waya?" Metui aliuliza.

"Usiguse! Sauti yake imo humo; ikifa, naye amekufa."

Akaketi, akalifuta jina la kaka yake. Mashine ikaomba lingine. Ikangoja. Akamtazama Vedasto, mtoto wa mama yake, akididimia sakafuni, akaandika: Marsela.

Kioo kikawa buluu. Kichwa chake kikalala juu ya vibonyezo, wala hakikuinuka.

Vedasto akavuta pumzi ndefu. Macho yakamrudia, sauti ikamrudia, na kumbukumbu yote kwa pamoja. Akamwona dada yake.

"Bosi, usimwite!" Metui alimkemea kwa mnong'ono. "Nakuomba, usimwi—"

"Marsela!"

Kutoka ndani ya kasha, Marsela akaitika, "Abee, kaka."

Vedasto akaanguka kifudifudi.

Feni iliendelea kuvuma, na mashine ikaomba jina lingine. Metui alifunga kinywa kwa viganja vyote viwili. Ukungu haukuondoka mlangoni. Kati ya wale watatu, aliyebaki amesimama ni mlinzi.