Ng'ombe Wako Wapi, Kashinje?

Kashinje aliamka mapema, kama kawaida yake. Alikamua, akampa mkewe Nyanzobe maziwa, kisha akawaswaga ng'ombe kuelekea mtoni. Walihamia Msangano miaka mingi iliyopita, na mifugo ndiyo iliyowalisha.

Lakini tangu abatizwe, kuchunga kulikuwa kumeanza kumchosha. Moyo wake ulikuwa kanisani.

"Mama Kabula, nimempa Mungu maisha yangu yote," alikuwa amemwambia mkewe asubuhi hiyo kabla ya kutoka. "Hii ya kuchunga ni kazi ya dunia. Laiti ningeshinda kanisani kila siku."

Nyanzobe alikuwa akichuja maziwa. "Na ng'ombe watashinda na nani, Baba Kabula?"

Kashinje alichukua fimbo yake, akatoka.

Siku hiyo kulikuwa na maombi ya mchana. Kashinje aliwaacha ng'ombe kivulini, wakicheua. "Mungu atawalinda," alijisemea. Akaenda. Aliimba na kusali mpaka machozi ya furaha yakamtoka.

Aliporudi, hakukuta hata ng'ombe mmoja. Alifuata nyayo. Zilimpeleka hadi shambani kwa jirani yake, Eliudi. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Sasa upande mzima ulikuwa umeliwa na kukanyagwa.

Eliudi alisimama katikati ya shamba, mikono kiunoni.

"Ulikuwa wapi, Kashinje?"

"Kwenye maombi, jirani."

Eliudi alicheka kwa uchungu. "Wewe unasali, wanangu walale njaa? Ndivyo Mungu wako alivyokutuma? Kesho tutakutana kwa mtendaji wa kijiji."

Jioni hiyo Kashinje alikwenda kwa Ruti, mwinjilisti wa kanisa lao. Alimkuta uani akibangua karanga.

"Bwana asifiwe, Mwinjilisti."

"Ameni. Karibu kiti. Mbona umekunja uso hivyo?"

Kashinje alimweleza yote. "Ni shetani tu amenijaribu," alimalizia.

"Usimsingizie," alisema Ruti. "Ni wewe uliyewaacha ng'ombe."

"Lakini nilikuwa namtumikia Mungu!"

"Kanisani, ndiyo. Na kule mtoni je? Ulimpa Mungu maisha yako yote, au saa za maombi tu?"



Ruti aliweka ungo pembeni. "Sikiliza, ndugu yangu. Unapozuia ng'ombe wasiingie shambani kwa mtu, unampenda jirani yako. Hiyo nayo ni ibada. Kanisani uje, wala usiache. Ila kama hujapata wa kukushikia mifugo, sali ukiwa nayo hukohuko machungani. Kila asubuhi, kabla hujafungua zizi, mwambie Mungu: kazi hii ni yako, nisaidie niifanye vizuri."

"Na Eliudi nimwambie nini?"

"Maneno amekwisha kuyasikia. Si una maksai?"

Asubuhi Kashinje alisimama mlangoni pa zizi, akasali kwa kifupi. Kisha akawafunga maksai wawili nira. Ng'ombe wengine walibaki zizini, wakikatiwa majani na Kabula, binti yake.

Eliudi alikuwa anavaa viatu aende kwa mtendaji alipowaona. Kashinje alikuwa na plau. Nyanzobe alikuwa na mbegu kichwani.

"Jirani, nimekukosea," alisema Kashinje. "Naomba nilime upya palipoharibika, nipande. Mvua bado ipo, na mbegu hii inakomaa haraka."

Eliudi aliitazama plau. Kisha akavua viatu. "Anzia kule juu."

Walilima. Nyanzobe alifuata nyuma akidondosha mbegu. Kashinje alisali kimoyomoyo, na plau haikusimama. Mchana kengele ya kanisa ililia.

"Wanakuita," alisema Eliudi.

Kashinje aligeuza maksai. "Leo nasalia hapahapa."

Kwa mtendaji hakwenda mtu. Mahindi yale yalichelewa kidogo, lakini yalizaa vizuri. Siku zote hizo Kashinje hakuwaacha ng'ombe peke yao. Alipokwenda kwenye maombi, Nyanzobe alimpokea machungani. Ilipokuwa zamu yake, aliimba nyimbo za kanisa nyuma ya ng'ombe, na Eliudi alizisikia kutoka shambani.

Baada ya mavuno Eliudi alifika zizini.

"Mabua yangu yamekauka," alisema. "Walete ng'ombe wako wakale."

Kashinje hakuamini masikio yake. "Ng'ombe wangu? Shambani kwako?"

"Wote. Ila uje nao mwenyewe, na uimbe. Mke wangu ameupenda ule wimbo unaouimba asubuhi."