Aliyeketi Kiti cha Mbele

Jua lilikuwa linazama nyuma ya foleni ya malori pale Tunduma, sisi tuko uani kwa Yusuf kuchukua gari la kukodi, na mimi nilikuwa nimeshavimba kwa hasira. Nimevimba mpaka leo. Mkiona mwandiko umepinda, msiseme ni uzee.

Yusuf ni mtu wa Tanga, mpole, anakodisha magari kwa wanaopanda milimani Ileje. Alimpa Gasper funguo za kigari cha kijivu, cha siku nyingi, akatazama kile nilichokumbatia.

"Shikamoo mama. Mzigo huo tuuweke kwenye buti?"

"Marahaba. Huyu hawekwi kwenye buti. Ni dada yangu."

Gasper akacheka kile kicheko chake cha Dar es Salaam, cha puani.

Gasper ni mtoto pekee wa dada yangu Atupele. Atupele aliolewa Mlimba, akafia huko, na wakwe zake wakamzika bila kutungoja. Ikapita miaka mitatu. Mwaka jana akaanza kunijia ndotoni, amesimama mlangoni kwangu Itumba, miguu ina tope, hasemi neno. Kwenye ukoo wetu mtu wa namna hiyo anafuatwa. Unachota udongo wa kaburini, upande wa kichwa, unaufunga kwenye kitenge chake mwenyewe, unamrudisha alale karibu na mama yake.

Ila mfu hajui njia. Anayembeba lazima amwambie kila hatua. Atupele, tunapanda treni. Atupele, tunavuka mto. Atupele, tumefika, shuka. Usipomwambia, anabaki pale pale ulipomwacha. Na anayembeba hasemi na mtu mwingine yeyote njiani mpaka mzigo utue.

Sasa fikirini. Mimi Teresia, nisiseme na mtu, kutoka Mlimba mpaka Tunduma.

Tulipokuwa wadogo Atupele alinibandika jina, Kachujio, kwa sababu neno likiingia kwangu halikai. Nililichukia jina hilo mpaka nikamng'ata. Akawa ananiita tukiwa wawili tu, usiku, chini ya blanketi. Hata mama hakulijua.

Basi tulipanda treni asubuhi na mapema. Gasper nilimlazimisha akate tiketi tatu, mama yake akakaa dirishani, yaani kile kifurushi. Treni ikaanza kupanda milima. Pale kuna mahandaki, moja baada ya jingine, unaingia gizani ghafla masikio yanaziba, unatoka unaona bonde liko chini huko kama limemwagwa. Kila handaki nikawa namnong'oneza, "Atupele, tunaingia gizani, usiogope." Gasper akaona haya. Akasema anakwenda behewa la chakula. Hakurudi.

Mbele yangu alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, sweta la kijivu, hana begi, hana hata mfuko wa plastiki. Ananuka majivu. Majivu yaliyomwagiwa maji.

Nilivumilia vituo vitatu. Mungu ananiona.

"Unasema na nani, dada?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Na mimi nikafunguka. Nikamwambia yote. Jina la dada, la baba, kitongoji, nyumba ya bati jekundu nyuma ya zahanati, chumba alichokuwa analala, kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kilicholiwa na mashine ya kusaga. Nikamweleza na maneno ya kumwongoza, yanasemwaje na lini. Alikuwa anasikiliza vizuri sana yule mama. Hajawahi mtu kunisikiliza hivyo. Nikampa yai la kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, chumvi yetu ya Ivuna. Akarudisha mkono nyuma.

"Chumvi hapana."

Handaki lililofuata lilikuwa refu. Gizani nikamsikia ananong'ona, taratibu, kama mtoto anayekariri:

"Atupele... tunaingia gizani... Atupele..."

Nikaona ni huruma yake. Mjinga mimi.

Tulipoingia Tunduma Gasper alikuja mbio na kumnyakua mama yake pale dirishani kama anachukua kuku. "Mama mdogo, shuka, watu wanatusukuma."

"Ngoja nimwambie."

"Utamwambia chini."

"Haisemwi chini, Gasper. Inasemwa humu."

"Utatuaibisha. Shuka."

Akanishika mkono, akaniteremsha mbele ya watu kama mlevi. Mtoto niliyembeba mgongoni. Nilipogeuka kumtafuta yule mama wa sweta, kiti chake kilikuwa kitupu, na sikumwona kushuka. Treni ikaanza kuondoka kwenda Nakonde. Dirishani kwetu, kwa ndani, kulikuwa na kiganja kinapiga kioo. Kinapiga, kinapiga. Nikasema moyoni ni abiria anaaga.

Sikuhesabu vidole.

Ndivyo tulivyofika kwa Yusuf. Kwa vile nilikuwa sijamwambia Atupele ashuke kwenye treni, nikataka nirekebishe. Nikamfungulia mlango wa mbele, kiti cha heshima maana yeye ndiye mkubwa, nikasema kwa sauti, Gasper asikie na wapiga debe wasikie:

"Atupele, ingia. Tunakwenda nyumbani."

Gari likainama kidogo. Upande ule.

Mimi nikakaa nyuma na kifurushi.

Tulirudi na barabara kubwa mpaka Mpemba, tukakata kuelekea Ileje. Giza lilikuwa linaingia. Barabara ile ni nzuri siku hizi, lami tupu, lakini inajikunja kwenye milima kama utumbo, na ukungu unakufuata. Gasper akafungua redio. Hapo ndipo ikaanza.

Ti... ti... ti...

"Nini hicho?" nikauliza.

"Mkanda. Gari linadhani kuna mtu amekaa mbele hajafunga mkanda."

"Linadhani?"

Akapapasa kile kiti, akapiga ngumi mara mbili. Ti... ti... ti... Akasimamisha gari, akavuta mkanda wa kiti kitupu, akaufunga. Sauti ikakoma.

Akawasha taa ya ndani achukue simu yake, na sote wawili tukaona.

Mkanda haukulala juu ya kiti.

Ulikaa umevimba. Kama umepita juu ya kifua. Ukawa unapanda... unashuka... unapanda.

Gasper akazima taa. Akatia gia. Na kile kicheko cha puani sijui kilikuwa wapi.

"Mama mdogo," akanong'ona, "ni mama?"

Nikataka kusema ndiyo. Lakini harufu ilishanifika. Majivu. Majivu yaliyomwagiwa maji. Kioo cha upande ule kikaingia mvuke kwa ndani, pale ambapo mdomo wa mtu ungekuwa.

Nikainama mbele. "Atupele?"

Kona. Kona nyingine. Halafu kutoka kiti cha mbele, kwa adabu, kwa sauti laini:

"Abee."

Atupele ni mkubwa wangu kwa miaka sita. Tangu nimezaliwa hajawahi kuniitikia abee. Nikimwita alikuwa anasema, "Unataka nini tena?" Mimi ndiye niliyekuwa naitika abee, mpaka siku aliyofunga harusi.

Ndipo nikakumbuka kile kiganja kwenye kioo cha treni. Nikakiona upya, kama kiko mbele yangu. Dole gumba. Cha pili. Cha tatu. Cha nne.

Basi.

"Geuza gari," nikamwambia Gasper.

"Nini?"

"Geuza. Mama yako tumemwacha kwenye treni."

"Mama mdogo, nyamaza."

"Sinyamazi. Huyu si mama yako. Huyu alikaa mbele yangu mchana kutwa, nimemfundisha mwenyewe. Geuza, Gasper, anapelekwa Zambia peke yake, hajui kituo."

"Sigeuzi. Siwezi kusimama tena barabara hii. Sisimami."

"Mwoga. Mwoga kama baba yako aliyemzika kabla hatujafika."

Nilimpiga kisogoni. Nilimpiga mwanamume wa miaka arobaini na mbili kwa kandambili, akiwa anaendesha, kwenye kona za Ileje. Alikuwa analia. Hakugeuza.

Na kutoka kile kiti cha mbele nikasikia mtu anaguna. Kama anayefurahia ugomvi wa wenyewe.

Itumba tulikuta ukoo umejaa uani, wanaimba pambio. Mchungaji yuko, na mzee Timotheo, kaka yetu wa mwisho aliyebaki, yuko na jembe. Shimo limeshachimbwa karibu na mama. Nikasema, msizike. Nikawaeleza. Wakanitazama vile mnavyonitazama nyie. Timotheo akasema, "Teresia amechoka na safari, mpeni uji." Gasper, yeye aliyeuona ule mkanda kwa macho yake, akatazama viatu vyake.

"Sema, Gasper," nikamwambia.

"Sikuona kitu, mama mdogo."

Wakakizika kile kifurushi usiku ule ule, na kulipokucha Gasper alishaondoka. Mpaka leo hapokei simu yangu.

Yusuf ndiye aliyenipigia, siku ya tatu. Alikuwa anauliza tulibeba nini, kwa sababu kiti cha mbele kimeshika harufu ya majivu na wateja wanalalamika. Nikamwomba radhi, nikamwambia na kile kikengele cha mkanda kilitusumbua.

"Kikengele gani, mama?"

"Kile kinacholia mtu asipofunga mkanda."

"Mama, gari lile ni la zamani. Halina hicho kitu."

Sasa yule mama wa majivu yuko chumbani kwa Atupele, ndani ya nyumba yenye bati jekundu, ambayo nilimwelekeza mwenyewe, na ambamo mimi ndiye ninayeishi. Simwoni. Ila kitanda kinalia jioni mtu anapokaa. Nilimjaribu. Nikaweka uji wenye chumvi ya Ivuna mlangoni. Atupele alikuwa anailamba chumvi ile kama pipi, mama akimchapa. Asubuhi uji ulikuwa vile vile, una utando. Nikaweka usio na chumvi. Bakuli likakutwa kavu.

Tangu hapo namtukana kila siku. Nikifagia namtukana, nikipika namtukana. Chumvi naimwaga kizingitini kwake kiganja kizima. Mwizi wa kaburi. Mwizi wa mama. Wanaukoo wanasema nimerukwa na akili, mke wa Timotheo analitangaza kanisani, na mimi nayajua yake, nitayaandika siku nyingine.

Wiki iliyopita Grace, binti wa binamu yangu anayeuza vitenge Nakonde, alikuja kunisalimia. Anapenda umbea kama mimi. Akanisimulia kwamba wachuuzi wa kule wanamzungumzia bibi mmoja kwenye treni. Hashuki. Anakwenda na kurudi. Wanamwita mayo, kwa Kibemba, yaani mama, na wanampa karanga. Kila kituo anamwuliza aliye karibu, "Hapa ni wapi? Mbona hamniambii?" Ukigeuka kumjibu, hayupo.

"Karanga anakula?" nikauliza.

"Wanasema analamba chumvi tu, shangazi. Karanga anaziacha."

Sikulala. Asubuhi nikatoa begi. Treni inapita keshokutwa na mimi nitakuwemo, hata kama nitakwenda mpaka mwisho wa reli, nitamwambia, Atupele, tumefika, shuka. Nilikuwa nakunja kitenge chake cha pili, mlango wa chumba kile uko wazi kidogo, jioni imeingia, sijawasha taa.

Kitanda kikalia.

"Kachujio."

Nikasimama hivyo hivyo na kitenge mkononi. Jina hilo sikulisema kwenye treni. Yote nilisema, hilo sikulisema, nililionea aibu. Linajulikana na watu wawili tu duniani.

Kwa hiyo mwizi huyu amekutana na Atupele, akalipata kwake. Au... ni Atupele mwenyewe. Ni yeye tangu mwanzo, kaburi limembadilisha ulimi, na mimi miezi sita namwagia dada yangu chumvi na matusi kwenye kizingiti chake.

"Kachujio," akasema tena. Sauti ilikuwa ya Atupele. Ya chini ya blanketi. "Safari hii usiseme na mtu."

Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Miaka sitini na nane watu wananiambia ninyamaze.

Nikakaa mezani pale pale, nikachukua daftari, nikawaandikia nyie yote haya. Majina nimeyataja yote. Sasa hivi kitanda kimelia tena, na naona mlango umefunguka zaidi ya nilivyouacha.