Koo la Zita

Jirani yetu Mama Wense anasema aliona kwa macho yake. Anasema Zita alikuwa na kasauti kadogo kama kifaranga. Alipofika miaka tisa, Meku Primus akamkata kimeo. Meku maana yake mzee, huku Kibosho ndivyo tunavyowaita wazee wetu. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia ndani kabisa ya mdomo, pale koo linapoanzia. Basi mtoto akatema damu, akanywa maziwa ya vuguvugu, akafungua mdomo akaimba. Mama Wense anasema sauti ile ilivuka korongo. Wanawake waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe waliacha kazi wakauliza, ni nani huyo?

"Mimi nilikuwepo," anasema. "Bakuli la damu nililishika mimi."

Habari hiyo niliikuta nilipoolewa huku. Niliiamini, na wenzangu waliiamini. Mtoto akiumwa koo, watu walisema apelekwe kwa Meku Primus. Akikatwa atapona, na labda ataimba kama Zita.

Zita ni nani? Wasiomjua nitawaeleza.

Alikuwa mtoto wa kwaya ya parokia. Mtu mmoja wa Moshi mjini alimsikia akiongoza wimbo wa Krismasi, akamrekodi. Kanda yake ilipigwa madukani mpaka Himo. Ilipigwa kwenye harusi na kwenye matanga. Picha yake akiwa na gauni jekundu ilibandikwa saluni, buchani, hata kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Watu walikuwa wanasimama barabarani kumshika kichwa. Baba yake alijengewa nyumba ya matofali.

Sasa Zita ana miaka ishirini na nane. Anakaa chini yetu, ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji. Haimbi. Akitoka nyumbani kwake kuja kwetu anapumzika mara nne. Miguu yake imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Analala ameegemea mito kama mtu aliyekaa, maana akilala chali pumzi inakatika. Madaktari wa mjini walimwambia milango ya moyo wake imeharibika. Anahitaji kupasuliwa Dar es Salaam. Jina lake limeandikwa, anangoja kuitwa. Huu ni mwaka wa pili anangoja.

Watu waliomshika kichwa hawaji tena. Aliyemrekodi hapokei simu. Wengine wanasema alirogwa, wengine wanasema alijivuna.

Lakini hakukaa tu. Alichukua picha yake moja ya zamani, ile ya gauni jekundu. Nyuma ya picha akachora moyo, na milango yake minne. Alikuwa akiibeba shuleni na kwenye jumuiya, anawaeleza wazazi. Alhamisi moja kila mwezi, siku ya sindano, alikuwa akishuka zahanati na watoto saba wa vijiji vyetu wenye ugonjwa kama wake. Alikaa nao kwenye benchi, akawashika mikono wasilie. Hakuna aliyemtuma.

Siku moja nilimuuliza, "Dada Zita, kwa nini unajitesa hivi?"

Akasema, "Mektrida, watoto wanakatwa kwa jina langu. Nataka jambo hilo liishe kabla sijaondoka. Sitaki kitu kingine."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa mpaka yalipofika kwangu.

Stella wangu ana miaka sita. Wakati wa masika aliamka na homa. Nilimpa mtori, ndizi zimepondwa laini kabisa, akasukuma bakuli.

"Mama, inachoma," akasema, akashika shingo.

Mume wangu Fabian alikuwa mlimani na wageni, anabeba mizigo. Nyumbani nilikuwa na mama mkwe wangu, Mama Fabian. Alimfungua mtoto mdomo akatazama.

"Kimeo hicho," akasema. "Kimevimba. Kesho tunampeleka kwa Meku Primus."

"Mama, tusingeanza na zahanati?"

"Zahanati watakupa panadoli. Fabian alikatwa, mbona anapanda mlima? Zita alikatwa akaimba mpaka Himo. Unataka mwanao awe bubu?"

Sikubishana naye. Nilichukua ndoo kama naenda kuchota maji, nikashuka kwa Zita. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi.

"Dada Zita, nina shida."

"Sema polepole, na mimi nitajibu polepole," akasema akicheka kidogo. "Pumzi yangu siku hizi haikimbizwi."

Nilimweleza. Akaacha ndizi. Akavaa kandambili bila kunawa mikono.

"Dada, daktari alikukataza kupanda."

"Najua alichonikataza. Nishike mkono."

Tulipanda. Mara ya tatu kupumzika nilidhani hatutafika. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Tulipoingia uani, Mama Fabian alikuwa amekaa na Mama Wense, wanachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepanda kilima chote hicho kufuata chai yangu?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa ni wewe," akasema Mama Fabian. "Kaa kabla hujaniangukia."

Mama Wense akacheka. Zita akakaa. Alipopata pumzi akasema, "Mama, washa tochi ya simu. Nitazame koo."

"Nikutazame wewe?"

"Nitazame."

Akafungua mdomo. Mama Fabian akainama na tochi. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kimeo hakipo," akasema.

"Kilikatwa mara mbili. Mara ya pili Meku alisema kimeota tena. Nilitoka damu siku tatu. Na koo liliendelea kuuma. Kama kimeo ndio ugonjwa, mama, mimi ningekuwa mzima kuliko ninyi wote hapa."

"Lakini ulipata sauti," akasema Mama Wense.

"Mama Wense, wewe ulishika bakuli. Ni kweli, nakumbuka mikono yako. Siku ile nilikuwa nalia sana. Baba alifungulia redio ili ninyamaze. Ilikuwa inapiga nini?"

Mama Wense akaacha kuchambua.

"Sikumbuki. Muda mrefu."

"Kumbuka."

Alizungusha harage moja kiganjani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ilikuwa kanda yako."

"Ilikuwa kanda yangu. Nilirekodi wakati wa Krismasi, na kimeo changu chote. Nilikatwa baada ya Pasaka. Sauti iliyovuka korongo ilitoka kwenye redio. Mimi nilikuwa nimefungwa shuka, sikuweza hata kumeza mate."

Stella alikuwa ndani, tunamsikia anakohoa kwa kujizuia.

Mama Fabian akazima tochi. "Mektrida," akasema, "mfunge mtoto mgongoni. Twende huko zahanati."

Zahanati tulimkuta Nesi Magreth. Alimpima Stella homa, akamtazama koo, akamshika shingo pembeni.

"Koo lina usaha," akasema. "Ni wadudu wa ugonjwa. Si kila koo linahitaji dawa hii. Mengine ni mafua tu, yanaisha yenyewe. Ndiyo maana mtoto aletwe apimwe, msinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Huyu anahitaji."

Mama Fabian akauliza, "Na kimeo, mbona kimevimba?"

"Bibi, koo lote limevimba, na kimeo ni sehemu ya koo. Maji ya mfongo yakija machafu, utachukua jembe ukauvunje mfongo wako?"

"Hapana. Nitapanda juu nione kimeanguka nini."

"Ndivyo. Ukikata kimeo wadudu wanabaki. Unamwongezea mtoto kidonda, na kisu kile kimepita kwenye vinywa vya wengine."

"Na Zita moyo uliharibikaje?"

Nesi Magreth akakaa. "Wadudu hawa wasipotibiwa, koo linaweza kupoa lenyewe, mkadhani amepona. Baada ya wiki mbili au tatu magoti yanavimba. Leo goti, kesho kifundo cha mguu. Homa inarudi. Hapo mwili, katika kupigana na wale wadudu, unaumiza na milango ya moyo. Ikitokea hivyo mara kwa mara, milango haifungi vizuri. Damu inarudi ilikotoka. Mtu anakosa pumzi, miguu inavimba."

"Zita alivimba magoti," nikasema. "Aliniambia. Walimpaka samli, akaenda kuimba."

"Angeletwa wakati ule, angepewa sindano kila baada ya wiki nne, miaka mingi. Sindano ile inazuia wadudu wasirudi. Moyo wake ungekuwa na nafasi. Ndiyo sindano wanayochomwa wale watoto saba."

Stella alichomwa sindano moja. Alilia mpaka barabarani. Siku ya tatu aliomba mtori akamaliza bakuli. Niliambiwa nimtazame magoti, na nimrudishe akivimba au akikosa pumzi. Nilimtazama kila asubuhi kwa mwezi mzima. Hakuvimba. Leo anakimbia shule na wenzake, kimeo chake kiko palepale. Mama Fabian sasa anawaambia wanawake wa jumuiya, "Koo ni zahanati. Msiniulize mengine."

Nilifikiri Zita atafurahi. Alifurahi siku moja.

Jumapili baada ya Stella kupona tulisikia habari ya mtoto wa kike wa kule juu, msitu unapoanzia. Alikatwa kimeo kwa Meku Primus, akatoka damu mpaka akapelekwa mjini amezimia. Mama yake alikuwa analia njiani akisema, "Nilitaka tu aimbe kama Zita."

Mtoto yule hakurudi hai.

Zita hakulia. Alikaa anatazama mikono yake. Chai niliyompa ilipoa ikafanya utando.

"Nilienda kwao mwaka jana," akasema. "Niliwaonyesha picha. Wakageuza upande wa gauni jekundu. Hawakutazama upande wa moyo."

Baada ya hapo alianza kuvimba mpaka tumbo. Vidonge vya kutoa maji havikumsaidia kama zamani. Simu ya Dar es Salaam haikuja. Alhamisi ya sindano niliwapeleka watoto mimi. Walikuja sita. Wa saba, mama yake alisema, "Kama Zita mwenyewe anakufa, sindano za nini?" Nilimweleza kwamba Zita alikosa sindano hizo alipokuwa mdogo. Akafunga mlango.

Wiki ile Zita akaniambia, "Nipeleke kwa Meku Primus."

"Hutafika, dada."

"Nitafutie pikipiki. Mwambie aende taratibu."

Tulimkuta Meku Primus amekaa chini ya migomba, karibu na kahawa yake. Si mtu mbaya. Ni mzee mpole, macho yana ukungu. Watu wakimpelekea maziwa anasema aika, yaani asante, anawagawia wajukuu. Alipomwona Zita alisimama kwa furaha.

"Sauti yangu imekuja!" akasema. "Kaa, mwanangu. Mbona umenenepa hivi?"

"Shikamoo Meku. Sijanenepa. Ni maji."

"Pole. Unajua wanakuja mpaka watu wa Kirua? Wanauliza, ni wewe uliyemkata Zita? Nawaambia, ni mkono huu."

Zita alivuta pumzi. Ilichukua muda. Meku alingoja, anatabasamu.

"Meku, sikuja kukulaumu. Baba hakujua, wewe hukujua. Ulikuwa unataka nipone."

"Ulipona."

"Sikupona, Meku. Nitazame."

Mzee akamtazama. Kwanza uso, halafu miguu iliyojaa kwenye kandambili. Tabasamu likaondoka.

"Yule mtoto wa kule juu," akasema polepole. "Wanasema ni mimi."

Mimi nilitazama chini. Zita hakukataa wala hakukubali.

"Mimi siwezi tena kupanda kuwaambia watu," akasema. "Mektrida anawaambia, hawamsikii. Nesi anawaambia, wanasema ni mtoto wa juzi. Wewe wanakusikia. Ukiletewa mtoto mwenye koo, usitoe kisu. Mwambie mama yake, nenda zahanati kwanza. Maneno hayo tu. Nakuomba."

Meku Primus alikaa. Alishika magoti yake. Nilisikia maji ya mfongo yakipita nyuma ya nyumba.

"Hodi," mtu akaita langoni.

Alikuwa mama kijana, simjui. Amemshika mkono mtoto wa kike, shingo imezungushiwa kitenge.

"Shikamoo Meku. Nimetoka mbali. Huyu ni koo."

Zita alijaribu kusimama, akashindwa. Alinyoosha mkono akashika mkono wa koti la mzee.

"Meku," akasema. "Utamwambia?"

Meku Primus alimtazama mtoto. Kisha akamwashiria mama yake asogee.